Mnara Tuupate, na Ujuzi Wake Tuupate

Mwezi wa Agosti, 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, kilichoko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, katika njia ya Marangu iendayo kilele cha Mlima Kilimanjaro. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo huduma hiyo ikapandishwa hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Pale pale ambapo Luteni Alexander Nyirenda alisimika Mwenge wa Uhuru usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, mpanda mlima akawezeshwa kuzungumza na jamaa zake walioko ng'ambo ya bahari, na mpagazi aliyezidiwa na baridi au uhaba wa hewa akawezeshwa kuitiwa msaada upesi.

Kazi hiyo ilistahili pongezi, nasi twaitoa bila ya choyo. Lakini wajibu wa gazeti si kupiga makofi tu. Lipo swali ambalo ni la wenyeji wa Visiwani kama lilivyo la wenyeji wa Moshi, wala halihusu mitambo ya mlimani peke yake, bali ya nchi nzima. Mitambo inayobeba sauti zetu, fedha zetu na nyaraka za Serikali yetu, ujuzi wake ni wa nani? Na siku mwenye ujuzi huo atakapopandisha bei, au atakapokatazwa na serikali yake kutuuzia, sisi tutafanya nini?

Msomaji wa Unguja au Pemba asidhani kwamba habari za mlima hazimhusu. Miteremko ya Kilimanjaro imekatwa na makorongo marefu yanayoshuka kutoka msituni hadi tambarare. Vijiji vimekaa juu ya migongo iliyo kati ya makorongo hayo, na mtu wa mgongo mmoja aweza kumwona mwenziwe wa mgongo wa pili akipalilia migomba, na bado ikamchukua muda mrefu kumfikia. Mawimbi ya simu nayo yana taabu hiyo hiyo, kwani hayapenyi katika udongo wa mlima. Mnara ulioko Moshi mjini hauwezi kumtosheleza mtu aliye ndani ya korongo huko juu. Kila mgongo unataka mtambo wake, na kila mtambo unataka umeme, ulinzi na fundi, ilhali wateja ni wachache na wengi wao hutia vocha ndogo ndogo. Kampuni ikipiga hesabu yake yaona hasara, nayo hurudi mjini. Hesabu hiyo hiyo ndiyo ipigwayo juu ya Kojani, Kisiwa Panza, Makoongwe na Tumbatu. Bahari na korongo ni ndugu. Vyote viwili humtenga mnyonge na soko.

Serikali haikukaa kimya juu ya jambo hili. Kwa sheria ya mwaka 2006 uliundwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao makampuni ya simu huuchangia sehemu ya mapato yao, ili fedha hizo zitolewe ruzuku kwa kampuni itakayokubali kujenga pale ambapo biashara peke yake isingefika. Kuanzia mwaka 2009 ukajengwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kwa mkopo na wakandarasi kutoka China, na miaka mitatu baadaye urefu wake ulikwisha kupita kilomita 7,000. Mwezi wa Mei, 2023, mjini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Visiwani nako Mfuko umetoa ruzuku ya minara katika shehia zetu.

Hizi ni kazi kubwa, na asiyeziona amefumba macho kwa makusudi. Lakini zote kwa asili yake ni kazi za kununua na kusimika. Fedha ya umma inatoka, mtambo unakuja umefungwa katika sanduku, sanduku linapandishwa mnarani, na ufunguo wa sanduku unabaki ng'ambo. Tukiendelea hivyo miaka ishirini mingine tutakuwa na minara mingi sana, na bado tutakuwa wageni mbele ya minara yetu wenyewe.

Inafaa tueleze jambo hili kwa lugha nyepesi. Mnara wa simu si kile chuma kirefu tunachokiona kutoka barabarani. Chuma ni mguu tu. Juu yake zimo antena na redio zinazopokea na kurusha mawimbi. Chini yake, au pengine mbali nao, umo mtambo unaoyageuza mawimbi hayo kuwa maneno na hesabu, na unaoamua nani apate nafasi na kwa muda gani. Tangu nchi za Ulaya zilipotiliana saini mwaka 1987 juu ya utaratibu uitwao GSM, lugha inayotumika kati ya simu ya mkononi na mnara imekuwa wazi kwa kila mtengenezaji. Ndiyo maana mtu wa Wete hununua simu iliyotengenezwa popote duniani, akatia laini, akazungumza.

Lakini kati ya redio ya juu na mtambo wa chini, aghalabu kila mtengenezaji ameweka lugha yake ya siri. Ukinunua redio yake, sharti ununue na mtambo wake, na programu yake, na vipuri vyake, na leseni yake, na safari za fundi wake. Hata pale ambapo makampuni kadhaa hukodi chuma kimoja, kama yafanyavyo katika minara ya Helios Towers, kwa kawaida kila kampuni hutundika mitambo yake yenyewe. Mguu unashirikiwa, ubongo una mwenyewe.

Mitandao ya wazi ni ile inayoiondoa siri hiyo. Lugha ya kati huandikwa hadharani, ili redio ya kiwanda kimoja isikilizane na mtambo wa kiwanda cha pili, na programu iandikwe na watu wa tatu. Mwaka 2018 makampuni makubwa ya simu kutoka Marekani, China, Ujerumani, Japani na Ufaransa yaliunda umoja uitwao O-RAN Alliance kwa ajili ya kuiandika lugha hiyo. Makampuni hayo si maskini. Ikiwa tajiri amechoka kufungwa na muuzaji mmoja, maskini ana udhuru gani wa kuridhika?

Mzee wa Kichagga hahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Kabla Wazungu hawajafika Kilimanjaro, wenyeji wa huko walikwisha kuchimba mifereji, ambayo wao huiita mifongo, wakayakinga maji huko juu mitoni na kuyazungusha ubavuni mwa mlima hadi katika vihamba. Mfereji ulichimbwa na ukoo, lakini uliwahudumia wengi. Zamu za maji zilijulikana na kila mtu, na asiyefika siku ya kuzibua alitozwa faini. Wala mfereji haukuuliza jembe la mkulima lilifuliwa na mhunzi gani. Kanuni zilikuwa za wote na kila mtu alikuja na jembe lake. Hiyo ndiyo maana ya mtandao wa wazi, kwa ukamilifu wake.

Aidha, katika nchi yetu wenyewe tumekwisha kuona faida ya mitandao kusikilizana. Si zamani sana, mteja wa mtandao mmoja alipompelekea fedha mteja wa mtandao mwingine, mpokeaji hakuingiziwa fedha katika simu yake. Alipata ujumbe wenye namba, akaenda nao kwa wakala wa mtandao wa mtumaji kuchukua taslimu. Mwenye duka akalazimika kubeba laini mbili au tatu mfukoni. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel, kampuni iliyozaliwa hapa Visiwani, zilikubaliana kupokeana. Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi kupita wote, ikaingia mwaka 2016. Tanzania ikatajwa duniani kote miongoni mwa nchi za mwanzo kufanikisha jambo hilo. Mwezi wa Machi, 2017, mteja akapewa na haki ya kuhama mtandao bila ya kupoteza namba yake. Hakuna kampuni iliyokufa kwa sababu ya hayo, na mwananchi alipata wepesi.

Lakini tuisome hadithi hiyo hadi mwisho wake. Mapatano yale ya fedha hayakushuka kama mvua. Vilikaliwa vikao virefu, hesabu zikafanywa, kanuni zikaandikwa na kuandikwa tena. Mratibu wa kazi hiyo alikuwa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, na sehemu ya gharama ilibebwa na wafadhili, akiwamo Mfuko wa Bill na Melinda Gates. Tunawashukuru. Hata hivyo, mgeni anapolipia utafiti ndiye anayechagua swali la kutafitiwa. Safari ile swali lake liliafikiana na haja yetu. Hatuna ahadi kwamba itakuwa hivyo kila safari.

Na hapa ndipo tunapotaka viongozi wetu wautazame tena mkoa wa Kilimanjaro, si kwa mlima wake, bali kwa kahawa yake. Mwaka 1934 kilianzishwa kituo cha utafiti wa kahawa huko Lyamungu, katika miteremko ya Machame. Tangu mwaka 2001 kazi ya kituo hicho imeshikwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, ambayo wadau wa kahawa, wakulima wakiwamo, huichangia kutokana na zao lao. Chulebuni na kutu ya majani zilipoimaliza mibuni ya wazee, haikungojwa meli ilete dawa peke yake. Lyamungu ilizalisha miche inayostahimili maradhi hayo, ikaisambaza mashambani. Mkulima mwenye robo eka chini ya migomba anachangia utafiti wa zao lake, na hatujasikia mtu akisema kwamba kumtoza kwa ajili ya elimu hiyo ni anasa. Kizimbani nako, hapa Unguja, watafiti wa Serikali wamefanya kazi ya namna hiyo kwa mazao ya Visiwani.

Basi ikiwa kahawa na karafuu zina watafiti wake, mawasiliano yana kosa gani? Kila mtu anayepiga simu, kutoka Rombo hadi Mkoani, kwa njia moja au nyingine anachangia mapato ambayo sehemu yake huingia katika Mfuko. Ni haki yake kuona kwamba senti kidogo katika hizo inakwenda kununua akili inayobaki nchini.

Nchi nyingine zimekwisha kulitambua jambo hili, na baadhi yake zililitambua kwa kuumia. Mwezi wa Julai, 2020, Uingereza iliamuru mitambo ya Huawei iondolewe katika mitandao yake ya 5G ifikapo mwisho wa mwaka 2027, na ndipo ilipogundua kwamba wauzaji waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole. Mwezi wa Novemba mwaka huo ikatangaza pauni milioni 250 kuanzia mpango wa kupanua idadi ya wauzaji, pamoja na utafiti wa mitandao ya wazi. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 2022, iliidhinisha dola bilioni 1.5 kwa muda wa miaka kumi kwa kazi ya namna hiyo. Sisi hatuna haja ya kuingia katika ugomvi wa wakubwa hao, wala gazeti hili halimtuhumu muuzaji yeyote. Lakini fahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi, na nyasi haziponi kwa kuchagua fahali. Huenda zikapona zikiwa na mizizi yake.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya matajiri na autazame mfano wa India. Mwaka 1984, wakati simu ilikuwa kitu adimu katika vijiji vyake, Serikali ya India iliunda kituo cha utafiti wa mawasiliano kiitwacho C-DOT. Vijana wake hawakuambiwa watengeneze kitu cha kushangaza dunia. Waliambiwa watengeneze mtambo mdogo wa simu wa kijijini, utakaostahimili joto na vumbi bila ya kiyoyozi, kwa maana mitambo ya Ulaya ilitaka chumba cha baridi ambacho kijiji hakina. Waliutengeneza, na haki ya kuuunda ikagawiwa kwa viwanda vingi, si kimoja. Vietnam pia imejifunza njia hiyo. Shirika lake la dola, Viettel, ambalo Watanzania wanalijua kwa jina la Halotel tangu mwaka 2015, limejijengea uwezo wa kuunda mitambo yake yenyewe ya simu. Nchi hizo mbili zilianza na haja ya mwanakijiji wao, na hilo sisi tunalo tele.

Yapo maneno ya upande wa pili, na ni haki kuyasikiliza. Wako wanaosema kwamba utafiti ungoje mpaka kila kijiji kipate mawimbi. Twawajibu kwamba anayejenga nyumba hangoji kuimaliza ndipo atafute fundi. Wako wanaosema kwamba mitandao ya wazi bado ina matatizo: mitambo ya watengenezaji mbalimbali ikishindwa kusikilizana, kila mmoja humsingizia mwenziwe, na anayeumia ni mteja. Hilo ni kweli. Kampuni ya Rakuten ya Japani ilijenga mtandao wa namna hiyo, ukafunguliwa rasmi mwaka 2020, nayo ikabeba hasara kubwa kwa miaka kadhaa. Kadhalika wako wauzaji wanaoliandika neno "wazi" juu ya sanduku ambalo ndani yake bado limefungwa. Lakini hoja zote hizo zinatufikisha pale pale tulipotaka kufika. Asiye na mtafiti wake atajuaje lipi wazi na lipi limefungwa? Atamwamini muuzaji kwa kiapo chake?

Sisi wa Visiwani tunajua uchungu wa kutegemea njia moja. Kuanzia Desemba, 2009, hadi Machi, 2010, Unguja ilikaa gizani kwa sababu ya hitilafu katika njia moja ya umeme iliyotuunganisha na Bara. Mwezi wa Mei, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ilizorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, na shughuli nyingi zikasimama. Utafiti wa mitandao ya wazi hauziungi nyaya zilizokatika chini ya bahari. Lakini hekima ni ile ile: usimtie mtoto wako wa pekee katika ngalawa yenye ngarawa moja.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa Serikali zetu mbili mambo yafuatayo.

Kwanza, itengwe kwa mujibu wa sheria sehemu maalumu ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa ajili ya utafiti wa mitandao ya wazi. Sehemu hiyo isiguswe kwa kazi nyingine, na isimamiwe pamoja na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ambayo kazi ya kugawa fedha za utafiti si ngeni kwake. Mwezi wa Januari, 2006, huko Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kulenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Hatudai asilimia hiyo kwa simu peke yake. Tunadai mahali pa kuanzia.

Pili, posta na simu ni jambo la Muungano tangu mwaka 1964. Basi na utafiti wake uwe wa Muungano. Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, jirani na Kilimanjaro, ishirikiane na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia. Chuo Kikuu cha Ushirika cha Moshi nacho kiitwe, kwa kuwa mtandao wa kijiji utahitaji ushirika wa kuuendesha, na elimu ya ushirika imefundishwa Moshi tangu mwaka 1963. Majaribio yafanyike mahali pawili pagumu kweli kweli: mgongo mmoja wa Kilimanjaro na kisiwa kimoja kidogo cha Pemba. Mtambo utakaostahimili ukungu wa mlima na chumvi ya bahari utafaa popote nchini.

Tatu, kila mkataba wa ruzuku uwe na sharti kwamba mnara uliojengwa kwa fedha ya umma upokee wateja wa mitandao yote, na kwamba lugha ya mitambo yake ikabidhiwe kwa Serikali kwa maandishi. Mwenye kukataa sharti hilo ajenge kwa fedha yake.

Nne, matokeo ya utafiti yachapishwe kwa Kiswahili, na hesabu zake zisomwe Bungeni na katika Baraza la Wawakilishi kila mwaka. Hata jaribio lililoshindwa lisomwe. Utafiti unaofichwa kabatini ni sanduku jingine lililofungwa, na safari hii mfungaji atakuwa ni sisi wenyewe.

Maofisa wanaoandaa bajeti twajua wanabanwa na mengi. Barabara zinalia, zahanati zinalia, na mnara una faida ya kuonekana siku ya kukata utepe. Utafiti hauna utepe. Matunda yake huja kimya kimya, pengine baada ya waziri aliyeuanzisha kwisha kuondoka. Lakini hata wale walioweka kituo Lyamungu mwaka 1934 hawakuwaona wakulima waliopanda miche mipya miaka sabini baadaye.

Nchi hii ilifundishwa mapema kwamba kujitegemea si kujifungia ndani, bali ni kukaa mezani na wengine ukiwa na kitu mkononi. Tununue mitambo ya dunia, na tuendelee kufanya biashara na kila mwenye nia njema. Ila tununue kama watu wanaojua wanachonunua. Fungu la utafiti liwekwe katika bajeti ijayo, hata likiwa dogo, na liwekwe kwa fedha yetu.